Dawa ya Kutozeeka: Tuipime Sinema «Death Becomes Her»

Watu wengi husema kwamba sinema ya kuchekesha haiwezi kumfundisha mtu neno. Husema: tumecheka, imekwisha, twende nyumbani tulale. Sisi hatukubali. Ziko sinema za kuchekesha zinazosema kweli kuliko zile za machozi, kwani mtu anayecheka hafungi mlango wa moyo wake. Leo tunataka kupima moja ya namna hiyo. Jina lake ni «Death Becomes Her», nayo ilitolewa Marekani mwaka 1992. Jina hili ni la mzaha. Wanawake wakisifiana nguo, mmoja humwambia mwenzake: «Kanzu hii imekupendeza.» Hapa kilichompendeza mwanamke si kanzu. Ni kifo.

Mwenye kuiongoza kazi hiyo ni Robert Zemeckis. Walioandika maneno yake ni Martin Donovan na David Koepp. Waigizaji wakubwa ni wanne: Meryl Streep, Goldie Hawn, Bruce Willis na Isabella Rossellini. Miaka zaidi ya 30 imepita, na watu wangali wanaitazama. Mwaka 2024 ilifanywa hata mchezo wa nyimbo katika Broadway, mtaa wa michezo ya New York. Basi tujiulize mambo mawili. La kwanza: sinema hii yasema nini hasa juu ya uzuri na uzee? La pili: je, yasema kweli yote, ama iko sehemu iliyoifunika?

HABARI YENYEWE KWA UFUPI

Habari yaanza mwaka 1978. Madeline Ashton, anayeigizwa na Streep, ni mwimbaji wa jukwaani ambaye sifa yake imeanza kushuka. Mchezo wake ni mbaya hata watazamaji wanaondoka kabla haujaisha. Mtu mmoja tu anapiga makofi kwa nguvu zote: Ernest Menville, mganga hodari wa kutengeneza nyuso za watu kwa kisu. Huyo ndiye Bruce Willis. Lakini Ernest ni mchumba wa Helen Sharp, mwandishi wa vitabu, aliye rafiki wa Madeline tangu zamani. Helen amemleta makusudi, apate kumjaribu, kwani Madeline alikwisha kumnyang'anya wanaume wengine. Jaribio likashindwa. Ernest akamwoa Madeline.

Miaka 7 ikapita. Helen amenenepa kupita kiasi, anakaa peke yake na paka zake, na kutwa anatazama sinema moja ambamo Madeline anauawa. Ikifika mahali pale, anairudisha aione tena. Mwisho anapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko anashauriwa amwondoe Madeline katika mawazo yake. Neno hilo analipokea kwa furaha, lakini kwa maana yake mwenyewe: amwondoe Madeline duniani.

Miaka 7 mingine ikapita. Madeline na Ernest wanakaa katika jumba kubwa huko Beverly Hills, jumba lisilo na upendo. Ernest amekuwa mlevi. Hapasui tena nyuso za watu walio hai. Kazi yake sasa ni kupaka rangi nyuso za maiti, wapate kupendeza siku ya maziko. Siku moja wote wawili wanaalikwa kwenye karamu ya kitabu kipya cha Helen. Wanamkuta Helen, mwenye miaka 50, mwembamba na mzuri kama msichana. Madeline anachomwa na wivu. Tena kijana aliyekuwa hawara yake anamwacha kwa sababu ya umri wake. Usiku uleule anakwenda kwa bibi mmoja tajiri na wa siri, Lisle von Rhuman, anayeigizwa na Rossellini. Bibi huyo asema ana miaka 71, lakini kumtazama ni mwanamke kijana. Anamwuzia Madeline dawa. Madeline anakunywa, na ngozi yake inakaza mbele ya kioo. Baada ya kunywa ndipo anapopewa onyo: autunze sana mwili wake, maana atakaa nao kwa muda mrefu.

Akirudi nyumbani, anagombana na mumewe, anaanguka kutoka juu ya ngazi, shingo inavunjika. Ernest adhani amekwisha kufa. Kumbe anainuka, na uso wake umegeukia mgongoni. Baadaye Madeline anampiga Helen kwa bunduki. Helen naye anainuka, akiwa na tundu katikati ya tumbo, hata mtu aweza kuona upande wa pili. Hapo siri inajulikana: wote wawili wamekunywa dawa ileile. Hawawezi kufa tena, lakini hawaishi. Moyo haupigi, na mwili umekuwa baridi.

KICHEKO CHAANGUKA JUU YA NANI?

Watu wengine walioiona wamesema kwamba sinema hii yawacheka wanawake waliopita ujana. Neno hilo si la bure, nasi tutalirudia. Lakini kwanza tuangalie mambo yanavyofuatana.

Kabla ya kunywa dawa, Madeline alikuwaje? Hakuwa na mtoto wala rafiki. Mumewe alimdharau. Siku zake zote zilikuwa kazi ya kujitazama na kutafuta wa kumtazama. Na Helen je? Miaka 14 hakuwa na wazo lingine ila adui yake. Hata kitabu chake kilisifu ujana wa milele. Hakunywa dawa kwa sababu aliyapenda maisha na kutaka kuyaongeza. Alikunywa apate kulipa kisasi akiwa na uso mzuri.

Hapa ndipo tunapoona akili ya walioandika. Dawa ya Lisle haiongezi kitu. Yahifadhi tu kile ilichokikuta. Ikikuta wivu, yahifadhi wivu. Ikikuta mtu asiye na kitu ndani ila sura, yahifadhi sura. Wanawake hawa hawakuuawa na ngazi wala na bunduki. Walikuwa wameacha kuishi siku nyingi, na dawa imeionyesha tu hali yao waziwazi.

Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya mtu mmoja, jina lake Tithonus. Eos, mungu wa kike wa mapambazuko kwa imani yao, alimpenda, akamwombea asife kamwe. Lakini alisahau kumwombea asizeeke. Tithonus akazeeka, akaendelea kuzeeka bila mwisho. Sinema yetu ni hadithi hiyo iliyopinduliwa. Madeline na Helen waliomba wasizeeke, wakasahau kuomba kuishi. Kwa hiyo tunasema: kicheko hakiangukii uzee. Chawaangukia watu wanaodhani kwamba ngozi ndiyo mtu.

WIVU NI MNYORORO

Neno la pili ni juu ya ushindani wa wanawake hawa. Angalieni jinsi Ernest anavyogombaniwa. Madeline anamtaka kwa sababu ni wa Helen. Akiisha kumpata, anamtupa kama kitambaa kilichochakaa. Helen anamtaka tena kwa sababu sasa ni wa Madeline. Hakuna hata mmoja anayemwuliza: wewe wapenda nini, wewe waumia wapi? Yeye si mtu kwao. Ni kombe la mashindano, na kombe hulipendi. Unalionyesha tu kwa yule uliyemshinda.

Kisha waja ugomvi wenyewe, ndani ya nyumba, kila mmoja na beleshi mkononi. Wanapigana kwa nguvu ambazo zingewaua watu kumi. Lakini hapana anayeumia. Kwa mara ya kwanza wanaweza kupigana wapendavyo, na kwa mara ya kwanza ugomvi hauna faida. Wakichoka, wanakaa, wanasemezana habari za zamani, nani alimdharau nani, nani alimwumiza nani. Kumbe maneno haya yangaliweza kusemwa mwaka 1978, watu wakiwa hai, na habari yote isingalitokea!

Wanapatana, lakini tazameni namna ya mapatano yao. Miili yao sasa ni kama sanamu: ikivunjika haiponi, yataka gundi na rangi. Kwa hiyo wanamhitaji Ernest, fundi wa maiti. Wanataka kumlazimisha anywe dawa, awe mtengenezaji wao wa milele. Na Ernest akiwakimbia, itabaki kila mmoja kumpaka mwenzake rangi mahali asipoweza kufika mwenyewe. Aliyetaka kumwondoa adui yake duniani, sasa hawezi kupita siku moja bila mikono ya adui huyo. Twajua sote kwamba mwenye wivu hufungwa kwa yule anayemwonea wivu. Sinema hii imeuonyesha mnyororo huo kwa macho, tena bila kutoa hotuba.

MTU ALIYEFUNGUA MKONO

Sasa tufike kwa Ernest. Wanamleta kwa Lisle. Bibi huyo anamkata mkono, anautia tone la dawa, na mkono unakuwa kama wa kijana. Anaipenda sana kazi ya mikono yake, na mikono hiyo ulevi umeiharibu. Jaribu hili si dogo. Lakini Ernest anauliza maswali ambayo wanawake wale hawakuuliza. Nikichoka, itakuwaje? Nikiwa mpweke? Nikiwaona wote walio karibu nami wanakufa, nami nimebaki, nitafanya nini na miaka hiyo yote?

Anakimbia na chupa. Mwisho anajikuta ananing'inia juu ya paa, chini kuna shimo la mauti. Wanawake wanampigia kelele: kunywa, usipokunywa utakufa! Anaitazama chupa. Kisha anaiachilia. Kwetu sisi hapo ndipo pa maana kuliko pote. Hasemi maneno makubwa. Anafungua mkono tu, mkono wa mtu aliyekubali kwamba atakufa siku moja. Naye ndiye anayepona, kwani anaanguka, anapasua kioo cha rangi na kutumbukia katika maji ya bwawa la kuogelea.

JUU YA UFUNDI WAKE

Haifai kuipima sinema hii bila kutaja ufundi. Kazi ya miujiza ya macho ilifanywa na karakana inayoitwa Industrial Light & Magic. Mwaka 1993 mafundi wanne, Ken Ralston, Doug Chiang, Doug Smythe na Tom Woodruff, walipewa Oscar kwa kazi hiyo. Kuonyesha kichwa kilichogeuka nyuma, Streep alifunikwa kichwa kwa kitambaa cha buluu alipokuwa akitembea. Kichwa chake kilipigwa picha mbali, kisha vyote viwili vikaunganishwa kwa kompyuta, na ngozi ya shingo ikatengenezwa vilevile. Mwaka huohuo wa 1993, karakana hiyohiyo ilionyesha wanyama wakubwa wa kale katika «Jurassic Park».

Wako waliolaumu kwamba ufundi umewameza watu, na moyo wa mtazamaji wabaki baridi. Katika sinema nyingine lawama hiyo ingekuwa ya haki. Lakini hapa habari yenyewe ni ya watu waliojigeuza kuwa vitu. Shingo ikinyoshwa kama mpira, na tumbo likiwa kama dirisha, ufundi hauendi kando ya habari. Ndio unaoisema. Baridi ile ni baridi ya miili yao.

KASORO ZAKE

Tumesifu, sasa tuseme na kasoro, kwani mpimaji asiyeona kasoro ni mwuzaji.

Kasoro ya kwanza ni kipimo kisicho sawa. Helen alimletea Ernest shauri la kumwua mkewe, naye hakulikataa. Lakini huyo ndiye anayepewa mwanzo mpya, mke mwingine, watoto na sifa. Hatumwoni hata mara moja akitubu shauri lile. Wanawake wawili wanavunjwavunjwa. Mwanaume anasamehewa kwa sababu aliiacha chupa. Kuacha chupa ni vema, lakini hakufuti deni.

Kasoro ya pili: ni nani aliyewatia wanawake hawa hofu? Meryl Streep mwenyewe ameeleza kwamba alipofika miaka 40, katika mwaka mmoja aliletewa kazi tatu za kuigiza mchawi. Sinema hii ilipotolewa alikuwa na miaka 43, na Goldie Hawn 46. Bruce Willis alikuwa na miaka 37. Basi Hollywood ndiyo iliyomwambia mwigizaji wa miaka 40 kwamba wakati wake wa kupendwa umekwisha, avae mavazi ya mchawi. Madeline anayelia mbele ya kioo hakuizua hofu ile mwenyewe. Aliuziwa. Sinema yamwonyesha Lisle mwuzaji wa dawa, lakini wauzaji wa hofu, wenye studio na wenye kuchagua nyuso, hatuwaoni. Katika karamu ya Lisle twaonyeshwa watu mashuhuri ambao dunia yadhani wamekufa, kama vile Elvis Presley na Marilyn Monroe. Hapo sinema ilikuwa karibu kusema neno juu ya nyumba yake yenyewe. Ikafanya mzaha, ikapita.

Kasoro ya tatu, kwetu sisi, ndiyo kubwa. Sinema yatuambia kwamba ni heri kuzeeka, lakini haituonyeshi mzee mwenye furaha. Ulikuwako mwisho mwingine uliokwisha kupigwa picha. Katika mwisho huo Ernest alikimbia pamoja na mwanamke mwuzaji wa pombe, aliyeigizwa na Tracey Ullman. Miaka mingi baadaye Madeline na Helen walikuja kuwaona wawili hao, wazee, wakipendana. Watazamaji wa kwanza walioonyeshwa sinema kwa kujaribiwa hawakuufurahia, ukakatwa, na Ullman akaondolewa kabisa. Mahali pake tukapewa maziko. Twasikia sifa za Ernest mzee, lakini hatumwoni akiishi uzee wake. Basi hata sinema inayoicheka Hollywood kwa kuficha makunyanzi iliyaficha makunyanzi ya mtu wake mwema! Tukijiuliza kwa nini vijana wanaogopa kuzeeka, jibu moja ni hili: wanasifiwa uzee kwa maneno, lakini hawaonyeshwi uso wake.

Na habari haikukoma hapo. Mwaka 2024 Zemeckis huyohuyo alitoa sinema nyingine, «Here», ambamo Tom Hanks, aliyekuwa na miaka 68, na Robin Wright wanaonekana wakiwa vijana. Kompyuta ndiyo iliyowarudishia nyuso zao za zamani. Tuseme kwa haki: sinema hiyo yaonyesha vilevile wakizeeka, katika chumba kimoja, mwaka baada ya mwaka. Lakini twaona kwamba dawa ya Lisle imetoka katika hadithi. Iko sasa katika karakana za sinema, na wenye nayo wataamua wenyewe waitumie kwa kazi gani.

MWISHO WA HABARI

Miaka 37 baada ya chupa kuanguka, Ernest anazikwa. Mhubiri asema kwamba huyu aliijua siri ya uzima wa milele, kwani yu hai katika watoto na wajukuu wake, na katika mema aliyoyafanya. Sisi tunaofundisha watu juu ya uzima wa milele hatuwezi kusema kwamba maneno hayo yanatosha. Lakini yanaelekea njia njema: uzima ni kitu unachokitoa, si kitu unachokifungia chupani. Nyuma ya kanisa wamekaa wanawake wawili wenye nyuso zilizopasukapasuka, rangi imebanduka, wanacheka. Wanatoka. Kopo la rangi lawatelezesha, wanaporomoka ngazini, wanavunjika vipande kama vyungu. Na kichwa kimoja chauliza kingine mahali walipoiacha motokari.

Tulicheka sana hapo, kisha kicheko kikakatika. Vichwa vile vitaendelea kusema hivyo kesho, na kesho kutwa, na miaka yote. Wahenga walisema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wengi hulitumia neno hilo kwa masikitiko. Baada ya sinema hii twaweza kulisikia kama neno la faraja, kwani moshi usioondoka nyumbani huwaziba pumzi waliomo.

Sinema hii si ya watoto, kwa sababu ya mauaji na mambo mengine ya watu wazima yaliyomo. Lakini mtu mzima aitazame. Akina baba na watazame pamoja na wake zao, wasiwaachie wao peke yao somo la uzuri, maana mara nyingi jicho la mume ndilo kioo kinachomtisha mke. Na wazee wetu na watazame pia. Wao wana haki ya kucheka kuliko sisi sote, kwani wameupata bila chupa kile Madeline na Helen walichokikosa: umri ulioishiwa kweli.